Maisha ya Adolf Engler, aliyeanza hesabu ya mimea kwa mwani na kuvu

Waamini wa Vuga na vijiji vinavyoizunguka wanaujua ule ukijani laini unaofunika mawe ya kivulini, magome ya miti mikubwa na kingo za vijito vya milima yetu. Wakati wa masika hunona kama zulia, wakati wa kiangazi hukauka hata ukadhaniwa kuwa umekufa, na mvua ya kwanza ikinyesha huamka tena. Karibu yake huota uyoga, ambao mama zetu hutambua kwa kuutazama tu upi ni wa kupika na upi ni wa kuachwa palepale ulipo. Vitu hivi ni vidogo, havina maua wala mbegu, na wengi wetu hatujapata kudhani kwamba yupo mtu anayevisomea chuo kikuu kwa miaka mingi. Wapo. Na katika orodha ya waliovipa nafasi yake vyuoni limo jina la Adolf Engler, Mjerumani ambaye kazi yake iliifikisha milima ya Usambara kwenye vitabu vya sayansi.

Engler alizaliwa tarehe 25 Machi 1844 katika mji wa Sagan, eneo la Silesia, ambalo leo ni sehemu ya Polandi. Alisoma Breslau, akapata shahada ya udaktari mwaka 1866, kisha akafanya kazi ya kutunza makusanyo ya mimea huko Munich. Mwaka 1878 alipewa uprofesa mjini Kiel, mwaka 1884 akarudi Breslau, na mwaka 1889 akaitwa Berlin kuwa profesa na mkurugenzi wa bustani ya mimea. Hapo alikaa hadi alipostaafu mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 77. Chini ya uongozi wake bustani ilihamishiwa Dahlem, mahali ilipo mpaka leo.

Hayo ni maisha ya ofisini, na tusingekuwa na sababu kubwa ya kuyasimulia kama si kazi aliyoifanya mezani. Katika siku zile wanafunzi wengi wa mimea walivutwa na maua na miti. Engler, pamoja na mwenzake Karl Prantl, alianza mwaka 1887 kuchapisha kitabu kikubwa cha majuzuu mengi kilichokusudia kueleza jamii zote za mimea duniani. Prantl alifariki mwaka 1893; Engler akaendelea na waandishi wengine wengi hadi kazi ilipokamilika mwaka 1915. Mwaka 1892 alitoa pia kitabu kifupi cha mpangilio kwa ajili ya wanafunzi wake, ambacho kilichapishwa upya mara nyingi hata baada ya kifo chake. Mpangilio huo ulianza na viumbe sahili: mwani, kuvu, kisha ile mimea midogo ya mawe na magome ambayo wataalamu huiita briofita. Ndipo yakafuata madege na jamaa zake, na mwisho kabisa mimea ya mbegu na maua. Mwanafunzi aliyefungua ukurasa wa kwanza akitafuta waridi alikutana kwanza na utelezi wa kijani wa kwenye maji.

Tueleze kidogo ugumu wa masomo hayo. Mhindi au mgomba una mishipa ndani yake inayopandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Briofita hazina mishipa ya namna hiyo, wala hazina mizizi ya kweli; hunywa maji kwa mwili mzima, na kwa sababu hiyo hubaki fupi. Huzaana kwa chembe ndogo kama vumbi, na mbegu ya kiume huogelea katika tone la maji ili kulifikia yai. Anayetaka kuzitofautisha hawezi kutegemea macho matupu: anahitaji hadubini, kiwembe chembamba cha kukatia jani, na uvumilivu. Kuhusu likeni, zile koga kavu zenye rangi ya kijivu au manjano zinazoganda juu ya mawe, wataalamu waligombana kwa miaka mingi. Mswisi Simon Schwendener, aliyefundisha pia Berlin, ndiye aliyeonyesha kwamba likeni si kiumbe kimoja bali ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Alichekwa na wengi, lakini alikuwa sahihi.

Usambara iliingiaje katika habari hii? Ujerumani ilipoitawala nchi yetu, Berlin ilianzisha mwaka 1891 ofisi ya mimea ya makoloni, na masanduku ya mimea iliyokaushwa yakaanza kumiminika kwa Engler. Mengi yaliyotoka Usambara yalikusanywa na Carl Holst, aliyefariki mwaka 1894 akiwa bado kijana. Mwaka huohuo Engler alichapisha maelezo yake juu ya uoto wa Usambara, akionyesha jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda kutoka nyika hadi misitu ya ukungu. Wakati huo hakuwa amewahi kuikanyaga milima hiyo. Sampuli za vidogo aliwagawia wenye ujuzi: kuvu kwa Paul Hennings wa Berlin, na briofita nyingi kwa Viktor Ferdinand Brotherus, mwalimu wa shule ya wasichana mjini Helsinki. Moja kati ya zile alizozipa jina Brotherus huitwa Calymperes usambaricum, na hivyo jina la milima yetu husomwa katika maabara za mbali na watu wasioweza kuionyesha Lushoto kwenye ramani.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja bila kulificha. Vitabu hivyo vinataja wakusanyaji Wajerumani na maprofesa. Wasambaa waliobeba masanduku, waliojua njia za msituni, waliopanda miti kuchuma na waliotaja majina ya Kisambaa ya kila kitu, kwa sehemu kubwa hawakuandikwa. Ulikuwa wakati wa kodi na kazi za lazima, na ofisi ile ya Berlin ilitafuta pia mazao ya biashara, si elimu tupu. Kumheshimu Engler kwa kazi yake hakutuzuii kuliona hilo.

Na ukusanyaji haukuwa kazi ya serikali pekee. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyehudumu Zanzibar na Bagamoyo, alikausha mimea na kuipeleka Paris huku akiandika maneno ya Kiswahili. Jenasi moja ya mimea huitwa Sacleuxia kwa heshima yake, na kamusi yake kubwa ilianza kutoka mwaka 1939. Yeye angestahili makala yake peke yake.

Mwaka 1902, akiwa na miaka 58, Engler alikuja mwenyewe. Ndiyo kwanza kituo cha utafiti cha Amani kilikuwa kinaanzishwa katika Usambara Mashariki. Aliitembelea milima aliyokuwa ameiandikia miaka minane kabla, na alirudi Afrika tena baadaye.

Si kila alichokipanga kimedumu. Aliwahesabu kuvu kuwa mimea, kama walivyofanya karibu wote wa zama zake. Leo tunajua kwamba kuvu hawajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua, na kuta za seli zao zina kitu kilekile kinachofanya gamba la mdudu kuwa gumu. Wana himaya yao wenyewe. Mpangilio wake wa mimea ya maua nao umebadilishwa sana. Lakini vyuoni mwani, kuvu na briofita bado hufundishwa mara nyingi katika somo moja, na mazoea hayo yana alama ya zama za Engler.

Alifariki tarehe 10 Oktoba 1930, akazikwa ndani ya bustani yake huko Dahlem. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, katika vita vya pili vya dunia, mabomu yaliliangukia jengo la makusanyo. Sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa kwa miaka mingi, pamoja na mingi ya Usambara, iliteketea. Mwani na kuvu waliotangulia katika kitabu chake hawakuweza kuokoa karatasi. Kilichookoka kiliokoka kwa sababu kilikuwa kimekwisha kugawanywa: briofita za Brotherus zilikuwa Helsinki, na ziko huko hadi leo.

Baada ya uhuru kazi hiyo ilirudi nyumbani. Mhungari Tamás Pócs, aliyefundisha Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipima katika milima ya Uluguru maji yanayoshikwa na briofita na mimea mingine midogo juu ya miti, akakuta kwamba hekta moja ya msitu wa ukungu yaweza kushika maelfu ya lita katika mvua moja, na kuyaachia polepole. Anayechota maji kijitoni kiangazi, Vuga au Bumbuli, anachota pia kilichohifadhiwa na ukijani ule. Si mbali na hapo, msitu wa Mazumbai ni mali ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na umehifadhiwa kwa ajili ya mafunzo na utafiti. Vijana wa Kitanzania hupanda huko na lenzi zao, hupiga magoti mbele ya gome lenye unyevu, na majina wanayoyaandika kwenye bahasha za sampuli sasa ni ya kwao wenyewe.