Mtakatifu Margerita wa Cortona: mama aliyefungiwa mlango na baba yake

Tarehe 22 Februari Kanisa huadhimisha sikukuu ya Ukulu wa Mtakatifu Petro, na ndiyo maana mtakatifu mwingine anayekumbukwa siku hiyohiyo hupita bila kutajwa altareni. Tumeona tumsimulie hapa, kwa sababu akina mama walio katika hali aliyokuwa nayo wamo katika kila kigango tunakotumwa wakati wa likizo.

Margerita alizaliwa mwaka 1247 huko Laviano, kijiji cha wakulima katika Italia ya kati. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka saba hivi. Baba alioa tena, na mama wa kambo hakupatana na mtoto huyo mchangamfu na mwenye sura nzuri. Alipofika umri wa miaka kumi na saba hivi alitoroka nyumbani usiku, akamfuata kijana wa ukoo wa kikabaila kutoka Montepulciano aliyemwahidi kumuoa.

Ahadi hiyo haikutimizwa. Waliishi pamoja miaka tisa katika kile ambacho leo tungekiita uchumba sugu. Alivaa vizuri, alipanda farasi mjini watu wakimtazama, akamzalia yule bwana mtoto wa kiume, na mara nyingi alimwomba wafunge ndoa. Bwana hakukataa waziwazi, ila hakufunga. Binti wa mkulima hakuwa mke wa hadhi yake. Tusipite haraka hapa, kwani tunapofundisha Sakramenti ya Ndoa huwa tunawageukia zaidi wanawake, kana kwamba ni wao waliochelewesha. Margerita alitaka kuolewa kwa miaka tisa mizima.

Mwaka 1273 yule kijana aliondoka kwenda kukagua mashamba yake, asirudi. Mapokeo yanasimulia kwamba mbwa wake ndiye aliyerejea peke yake, akamvuta Margerita kwa pindo la nguo hadi msituni, na huko akaukuta mwili wa marehemu umefunikwa kwa matawi. Alikuwa ameuawa. Ndiyo maana katika picha nyingi huchorwa na mbwa miguuni pake.

Sasa hakuwa mjane, kwa maana hakuwa ameolewa, wala hakuwa na haki yoyote juu ya mali. Alirudisha kwa ndugu wa marehemu vitu alivyopewa, akamshika mtoto mkono, akaenda kwa baba yake kuomba msamaha. Baba alielekea kumpokea. Mama wa kambo alikataa katakata, na baba akamsikiliza mkewe. Mlango ukafungwa. Inasimuliwa kwamba Margerita alikaa chini ya mtini katika bustani ya nyumbani akilia, na hapo likamjia wazo kwamba bado ni kijana, bado ni mzuri, na wanaume wa kumtunza hawatakosekana. Wazo hilo halikutokana na tamaa, lilitokana na njaa. Kila anayemhukumu singo maza wa mtaani kwake angefaa kukaa kidogo chini ya mti ule.

Aliinuka akaenda Cortona, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko huwapokea wakosefu kwa upole. Langoni mwa mji alikutana na mabibi wawili, Marinana na Raneria, waliomuuliza shida yake kisha wakamchukua nyumbani kwao pamoja na mtoto. Walimpeleka wao wenyewe kwa mapadre Wafransisko. Huo ndio msaada wa kwanza alioupata, nao haukutanguliwa na masharti wala barua ya utambulisho.

Kazi aliyoipata ilikuwa kuwahudumia wanawake wa mjini wakati wa kujifungua. Kwa kipato hicho alimlea mwanawe, na baadaye akampeleka Arezzo kusoma. Aliomba kuingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, lakini mapadre walisita kwa miaka mitatu hivi: walimwona kijana mno na mzuri mno, wakaogopa hatadumu. Akapokelewa mwaka 1277. Tangu hapo aliacha mshahara, akaishi kwa sadaka, akiomba mkate mlango kwa mlango katika mji uliojua habari zake zote.

Tuseme pia lile ambalo waandishi wa maisha ya watakatifu hulipitia haraka. Margerita alikuwa mkali kwa mwanawe. Alichopewa kwa sadaka aliwagawia maskini wengine kwanza, mtoto akabaki na kidogo. Sisi hatuoni kwamba katika hilo ni mfano wa kuigwa na mzazi yeyote. Alibeba toba yake kwa namna iliyomwelemea na mtoto asiye na kosa. Mtoto huyo alikua, naye akawa Mfransisko.

Kwa maskini wa mji, mama huyu alifanya jambo kubwa. Alianza kuwauguza wagonjwa katika nyumba aliyopewa na bibi mmoja, kisha akamwendea Uguccio Casali, mmoja wa wakubwa wa Cortona, naye akaishawishi halmashauri ya mji isaidie. Ndivyo ilivyozaliwa hospitali ya Mtakatifu Maria wa Huruma, yenye akina dada wa kuuguza na chama cha waamini cha kuitegemeza. Mwaka 1286 askofu wa Arezzo aliidhinisha kanuni zake. Aliyekuwa anaishi kwa misaada sasa aliwafundisha wakuu wa mji kwamba kumtunza maskini ni wajibu wa mji wote, si bahati ya kukutana na mabibi wawili langoni.

Masengenyo hayakuisha. Alipokuwa na zaidi ya miaka arobaini, watu walianza kunong'ona juu yake na muungamishi wake, Fra Giunta Bevegnati, hata padre huyo akahamishiwa Siena kwa muda. Margerita hakujitetea. Alihamia juu mlimani karibu na ngome, kwenye kanisa lililobomoka la Mtakatifu Basili, akalitengeneza. Fra Giunta alirudi kabla ya kifo chake, na ndiye aliyeandika maisha yake.

Alifariki tarehe 22 Februari 1297, akiwa na umri wa miaka hamsini hivi. Watu wa Cortona walimwita mtakatifu tangu siku ile. Papa Benedikto XIII alimtangaza rasmi tarehe 16 Mei 1728, baada ya miaka 431. Mwili wake umehifadhiwa hadi leo katika kanisa linaloitwa kwa jina lake, pale juu mlimani.