Yusuf bin Hasan na Kuihama Mvita, 1632

Katika historia ya Mvita wako watawala waliofia mjini mwao, na wako waliohamishwa kwa nguvu. Yusuf bin Hasan hakuwa wa kundi lolote kati ya hayo. Alipouacha mji wake tarehe 16 Mei, 1632, Ngome ya Yesu ilikuwa mikononi mwake, na jeshi lililotumwa kumng'oa lilikuwa limekwisha kushindwa. Ni kwa nini basi mshindi alifunga mizigo?

Jibu lina mizizi katika utoto wake. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa watawala wa Malindi waliohamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, alifarakana na kapteni wa Wareno akakimbilia bara, na huko Rabai akauawa mwaka 1614. Yusuf, akingali mtoto, alipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi. Huko alilelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, na akajifunza vita vya baharini. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo.

Ufalme huo haukudumu. Ilisemekana kwamba alionekana akiomba kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa akakusudia kumpeleka Goa akahukumiwe. Kwa mara ya pili, safari ya Yusuf ilikuwa ikipangwa na watu wengine. Tarehe 16 Agosti, 1631, aliingia ngomeni na wafuasi wake, na kapteni akauawa. Katika siku zilizofuata, Wakristo wa mji, Wareno kwa Waafrika, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa pia. Anayemsifu Yusuf kwa kuupinga utawala wa kigeni hana budi kuyataja na mauaji hayo.

Mapema mwaka 1632 merikebu za Wareno zilifika kutoka Goa chini ya Francisco de Moura. Zilikizingira kisiwa hadi mwezi Machi, kisha zikaondoka bila kuitwaa ngome. Hata hivyo, Yusuf alikwisha kuishi miongoni mwa Wareno na aliujua uwezo wao. Goa ingeweza kutuma merikebu nyingine, ilhali yeye alikuwa na kisiwa kimoja tu.

Maandalizi yake ya mwisho, kwa hiyo, yalikuwa ya mtu asiyetarajia kurudi. Chombo kilichotekwa kutoka kwa Wareno kilitayarishwa kwa safari. Mizinga iliondolewa ngomeni. Kuta ambazo ujenzi wake ulianza mwaka 1593 zilibomolewa kadiri ilivyowezekana, na mji nao ukaharibiwa, ili adui asipate pa kujihifadhi. Aidha, majira yalimfaa: mwezi Mei upepo wa kusi huwa umekwisha kushika, na ndio uvipelekao vyombo vya pwani kuelekea Uarabuni. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza kuondoka Mvita kwa hiari yake mwenyewe, nayo ilimgharimu Mvita yenyewe.

Wareno walirejea mwezi Agosti mwaka huohuo, wakaukuta mji ukiwa magofu. Yusuf aliendelea kuwasumbua baharini hadi alipofariki mwaka 1638, pande za Bahari ya Shamu. Ngome ilitengenezwa upya na Francisco de Seixas de Cabreira, ambaye maandishi yake ya mwaka 1635 yangali juu ya lango, kando ya Mji wa Kale. Wareno hawakumtawaza tena mfalme wa Mombasa. Waliutawala mji wenyewe hadi Waomani walipoitwaa ngome mwaka 1698. Kwa kuondoka, Yusuf aliokoa nafsi yake na uhuru wake, lakini kiti alichokipigania hakikupata mrithi.