Dkt. Trowell na somo la chakula chetu

Juma hili tumkumbuke Dkt. Hugh Trowell. Hakuwa wa pwani wala wa dini yetu. Alikuwa Mwingereza, na baada ya udaktari akawa kasisi. Lakini kazi yake inatuhusu.

Alizaliwa 1904, akaja Kenya 1929 kuitumikia idara ya tiba ya serikali ya kikoloni. Aliwakuta watoto wamevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabambuka. Kuna madaktari waliosema ni minyoo, wengine kaswende. Trowell akashikilia kuwa ni chakula. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akafundisha madaktari Waafrika Mulago huku akiendelea kuchunguza. Mwaka 1954, yeye na wenzake Davies na Dean wakatoa kitabu kizima juu ya maradhi hayo, unyafuzi, au kwashiorkor.

Jina hilo ni la Waga wa Ghana. Dkt. Cicely Williams ndiye aliyelitangaza miaka ya 1930: maradhi ya mtoto anayepishwa na mdogo wake. Waganda nao walikuwa na obwosi, wakiihusisha na mimba mpya. Sisi tuna kubemenda, na ndugu zetu Wamijikenda wana chirwa. Sababu wanazotaja wazee si za hospitali, lakini kina mama walikuwa wameutambua wakati wa hatari: ziwa linapokatika, mtoto akabakia na wanga mtupu. Muuguzi anayewacheka hupoteza habari, na mama harudi tena.

Nimetembea Kisii na Nyamira. Soko la Daraja Mbili, na kule Keroka mpakani, utakuta wimbi, chinsaga, rinagu, maharagwe, ndizi, na omena kutoka ziwani. Tiba ya mtoto imo kikapuni. Taabu ni kwamba mashamba ni madogo, chai na mahindi vimeshika ardhi, na mwenye kukosa shilingi humpa mtoto ugali wa mahindi na chai ya rangi. Kumpa mama huyo karatasi ya vyakula vya dukani ni kumuongezea fedheha. Aanziwe na chinsaga yake na uji wake wa wimbi.

Trowell hakuishia kwa watoto. Mwaka 1956 aliandika habari za Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, jambo ambalo wakati ule lilikuwa nadra Afrika Mashariki. Uzeeni alishirikiana na Dkt. Denis Burkitt, wakatoa kitabu 1975 kuonya juu ya unga uliokobolewa na sukari, na kutetea makapi ya nafaka. Alifariki 1989.

Leo sukari na presha zimejaa majumbani mwetu, kuanzia Lamu hadi Vanga. Tunakula mahamri ya unga mweupe na chai tamu, huku mchicha na kunde tukiviita chakula cha maskini. Kwa hesabu ya Trowell, ni nani hasa maskini hapo?