Korsakov na walevi waliosahau

Huenda unamfahamu mtu aliyekunywa pombe miaka mingi, ambaye leo anakusimulia safari ya jana wakati jana hakutoka nyumbani. Usiharakishe kumwita mwongo. Daktari wa Kirusi, Sergei Korsakov, alikutana na watu wa namna hiyo zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Alizaliwa mwaka 1854 huko Gus-Khrustalny, mji wa viwanda vya vioo, akahitimu udaktari Moscow mwaka 1875. Katika zama zile wagonjwa wa akili walifungwa kamba. Yeye alipinga. Nadhani ndiyo maana aliyaona aliyoyaona: mgonjwa asiyefungwa huzungumza nawe.

Mwaka 1887 aliandika tasnifu kuhusu kupooza kunakoletwa na pombe. Aligundua kuwa walevi waliokufa ganzi miguuni mara nyingi walipoteza kumbukumbu pia. Mgonjwa aliongea vizuri, lakini daktari akitoka chumbani na kurudi baada ya dakika chache, alimsalimia kama mgeni. Mapengo aliyaziba kwa visa ambavyo mwenyewe aliviamini. Ajabu ni kwamba Korsakov aliikuta hali hiyo hata kwa watu wasio walevi, mfano waliotapika muda mrefu. Jibu lilikuwa hapo, ila yeye alidhani ni sumu mwilini. Alifariki mwaka 1900 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 46. Vitamini B1 ilipatikana ikiwa safi mwaka 1926, kutoka kwenye pumba za mchele.

Leo tunajua kuwa pombe huzuia utumbo kufyonza vitamini hiyo, na mlevi mwenyewe hali chakula cha kutosha. Akiba ya mwili huisha ndani ya wiki chache tu, na ubongo huanza kuumia.

Kwa hiyo, ukimwona mnywaji amechanganyikiwa, anapepesuka ingawa hajanywa, au macho yanacheza na anaona vitu viwili viwili, usimwache alale ili pombe imtoke. Mpeleke hospitali sasa hivi. Usione haya, sema wazi kwamba anakunywa, na hajala vizuri tangu lini. Sindano ya B1 inapaswa kutangulia dripu ya glukosi au kwenda nayo pamoja, kwani sukari peke yake inaweza kumaliza akiba ndogo iliyobaki. Akiwahi, macho hutulia, mara nyingine ndani ya saa chache. Akichelewa, kumbukumbu huenda isirudi yote.