Desa la Michael Faraday

Kwenye vimbweta ubishi huwa hauishi: uvumbuzi gani ni mkubwa kuliko wote duniani? Mmoja atasema gurudumu, mwingine maandishi, wa tatu atainua simu yake na kudai kesi imekwisha. Mimi nasema simu hiyo ikiisha chaji tunabaki na kipande cha kioo. Uvumbuzi mkubwa ni ule wa kugeuza mwendo kuwa umeme, na aliyeuleta alianza maisha kwa kujalidi vitabu vya watu wengine.

Ukitoka Segera kuelekea Tanga unapita Hale, wilayani Korogwe. Abiria wengi wanaona mkonge tu. Lakini hapo ndipo kilipo kituo cha kufua umeme kwa maji ya Mto Pangani, kilichoanza kazi mwaka 1964, chenye mashine mbili zilizoundwa kutoa megawati 21. Ukitaka kujua mashine zile zilianzia wapi, inabidi urudi London.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, kusini mwa jiji hilo. Baba yake alikuwa mhunzi, tena wa kuuguaugua, na kuna kipindi njaa ilibana mpaka mtoto akapewa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Shuleni aliambulia kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 13 alitumwa kupeleka magazeti na duka la George Riebau. Mwaka uliofuata akaanza kujifunza humo ufundi wa kujalidi vitabu, kwa miaka 7.

Vitabu vilivyoletwa kushonwa, yeye alivisoma. Makala ya umeme kwenye ensaiklopidia na kitabu cha kemia cha Jane Marcet vilimkamata. Akatumia visenti vyake kununua vifaa, akarudia majaribio ili aone mwenyewe kama ni kweli.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tiketi za mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mwenye jina kubwa pale Royal Institution. Kijana akaandika, akachora vifaa, akarudi nyumbani akanakili upya kwa mwandiko safi, kurasa karibu 300, kisha akazijalidi. Tuliite desa. Tofauti ni kwamba sisi desa tunalirithi, tunalitoa fotokopi usiku wa kuamkia mtihani, na tukitoka chumba cha mtihani tumeshalisahau. Yeye lake alilitengeneza mwenyewe, akamtumia Davy, na ndilo lililomwombea kazi. Machi 1813, msaidizi wa maabara alipofukuzwa kwa kupigana, Faraday akaingia.

Haikuwa raha. Katika safari ya Ulaya pamoja na Davy, mke wa Davy alimfanya kama mtumishi wa ndani. Na mwaka 1823, jina la Faraday lilipopelekwa ili ajiunge na Royal Society, aliyepinga ni Davy yuleyule. Alichaguliwa hivyohivyo.

Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark alikuwa ameonyesha kwamba waya wenye umeme unasogeza sindano ya dira. Faraday akageuza swali: kama umeme unazaa usumaku, je, usumaku hauwezi kuzaa umeme? Lilimsumbua miaka. Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia nyaya mbili kwenye pete moja ya chuma, kila waya upande wake. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya upande wa pili ikashtuka, ikatulia. Alipokata, ikashtuka tena. Kumbe usumaku kuwepo tu haitoshi, lazima ubadilike. Oktoba 17 akaingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa: ikitembea umeme unapita, ikisimama unakoma. Kabla mwezi haujaisha alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, akapata umeme unaoendelea.

Hale ni hayohayo. Maji yanazungusha gurudumu, nalo linazungusha sumaku katikati ya koili za shaba. Kidatu, Mtera, Bwawa la Julius Nyerere, hata jenereta la dukani: kinachotofautiana ni ukubwa.

Joseph Henry wa Marekani naye aligundua jambo hilohilo kwa njia yake, lakini Faraday ndiye aliyetangulia kulitangaza. Na hesabu za juu hazikumpanda kamwe. Alifikiri kwa picha na majaribio, baadaye James Clerk Maxwell akazigeuza picha hizo kuwa milinganyo. Alikataa cheo cha heshima cha Sir, akakataa kutengeneza silaha za sumu kwa ajili ya vita vya Crimea, lakini mihadhara ya vijana wakati wa Krismasi aliitoa mara 19. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Wenzangu wa elimu, tukienda mazoezi ya kufundisha tutamkuta mtoto aliyefeli hesabu, na darasa zima limeshamwita kilaza. Mimi mada hii nilifundishwa kwa chaki, nikaikariri, nikafaulu bila kuona sindano hata moja ikishtuka. Sumaku ya spika mbovu, waya wa shaba na dira vinapatikana. Tuanze na hivyo kabla ya kushika chaki, halafu tuone kilaza ni nani.