Lazzaro Spallanzani na Kuchujwa kwa Manii

Lazzaro Spallanzani alizaliwa mwaka 1729 katika mji wa Scandiano, kaskazini mwa Italia. Alianza kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Bologna, lakini jamaa yake Laura Bassi, mwalimu wa fizikia, akamvuta kwenye sayansi. Baadaye alipata upadri, na tangu mwaka 1769 hadi alipofariki mwaka 1799 alifundisha elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Pavia.

Zama hizo wataalamu wengi, naye akiwamo, walishikilia kwamba kiumbe kamili kimo tayari ndani ya yai, na kwamba manii hukiamsha tu. Ni kweli kwamba mwaka 1677 Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi alikuwa ameona kwa hadubini vitu vidogo vikiogelea ndani ya manii. Hata hivyo, vitu hivyo viliitwa vijidudu, na wengi wakavihesabu kuwa vimelea.

Spallanzani aliwavika vyura dume suruali ndogo za hariri. Mayai ya majike hayakutungishwa. Alipoyapaka matone yaliyobaki ndani ya suruali hizo, yakatungishwa. Aidha, katika kitabu cha mwaka 1780 alieleza jinsi alivyompandikiza mbwa jike manii kwa bomba, naye akazaa watoto watatu baada ya siku 62.

Jaribio lake zito zaidi lilikuwa kuchuja manii ya chura. Kadiri alivyozidisha karatasi za kuchujia, ndivyo majimaji yaliyopita yalivyopungua nguvu, hata yakaishiwa kabisa. Bali masalio ya karatasini, yalipotiwa majini, yalitungisha mayai. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, lakini hakukubali kwamba vijidudu ndivyo vitungishavyo. Prévost na Dumas walirudia jaribio hilo na kutoa hitimisho hilo mwaka 1824.

Leo maabara za tiba ya ugumba hutenga mbegu na majimaji yake kwa kuzizungusha kwa kasi mashineni, au kwa kuziacha zenye nguvu ziogelee hadi kwenye kiowevu safi juu yake. Majimaji yasipoondolewa, mbegu haziwezi kupandikizwa salama ndani ya mji wa mimba, kwani huufanya ujikaze kwa maumivu.

Hatudai kuwa jina peke yake lilimpotosha Spallanzani. Nadharia yake ilitosha. Lakini kitu kilichokwisha kuitwa kimelea si rahisi kukitambua kuwa mzazi. Nasi katika Kiswahili neno manii hutumika pengine kwa majimaji yote, pengine kwa mbegu zenyewe. Mgonjwa anayeelezwa tiba hii anastahili istilahi zinazotenganisha kile ambacho maabara hutenganisha: manii kwa majimaji pamoja na vilivyomo, na mbegu kwa chembe zitungishazo.