Msiri wa Bunkeya, mufalme aliyezikwa bila kichwa

Jioni watoto wetu wanakaa ku televizio kuangalia filme za wafalme wa panga na ngao. Mule mufalme mukali anakaa katika boma lenye vichwa vya watu juu ya miti, wageni wanatoka mbali kutafuta mali yake, kisha laana inafuata wale waliomuua. Watoto wanafikiri mambo hayo yote yalitungwa na Wazungu. Sisi wa sendika hapa Mulungwishi tunawaambia: mufalme kama huyo alikuwa hapa karibu, Bunkeya, na mali iliyotafutwa ni ileile inayotutoa kitandani kila asubuhi. Ni mukuba.

Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Alizaliwa karibu mwaka wa 1830 huko Unyamwezi, upande wa Tabora, katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Baba yake Kalasa alikuwa mufanyabiashara, na alikuja mara mingi huku kwetu kununua mukuba na kuupeleka kwao. Wazee husimulia kwamba Kalasa alichanjiana damu na Mpande, chifu mukubwa wa Wasanga. Tunaomba wasomaji washike neno hilo vizuri. Hadisi hii haikuanza na vita. Ilianza na urafiki wa mutu mwenye kuuza na mutu mwenye kununua.

Kijana akafuata njia ya baba, lakini hakurudia. Alikuja na watu wachache na bunduki, kitu ambacho wenyeji wengi walikuwa hawajazoea. Wazee wanasema Waluba walipokuwa wanasumbua Mpande, bunduki hizo ndizo ziliwafukuza, na tangu hapo Ngelengwa hakuwa tena mugeni tu. Mwisho akashika inchi yote, na mafundo ya ufalme yakawa kwake, pamoja na ile simbi nyeupe ya bahari ambayo chifu anaivaa. Akaitwa Mwenda, akaitwa Msiri. Watu wake wakaitwa Wayeke, na ufalme wake Garenganze. Zaidi ya miaka 20 alitawala kati ya Lualaba na Luapula. Hakuwa na jeshi kubwa kama la Ulaya. Alikuwa na akili ya njia: alijikata katikati ya biashara ya pande mbili za Afrika. Musafara mumoja unakwenda magaribi, kupitia Bihe mpaka Benguela ku Atlantika. Mwingine unakwenda mashariki, mpaka pwani ya Zanzibar. Kila kitu kinapita kwake.

Wageni walioandika juu yake walisema alikuwa na wake zaidi ya 500. Wengine wanacheka hapo, lakini hesabu hiyo ilikuwa siasa. Mwanamuke wa kila upande alifunga ukoo wake na mufalme, na aliporudi kusalimia kwao, alileta habari. Mumoja aliitwa Maria de Fonseca, mutoto wa Mureno na Mwafrika kutoka Angola, na kupitia yeye njia ya Benguela ilibaki wazi.

Sasa tufike ku kazi, juu kazi ndiyo mambo yetu. Kisha mavuno, wakati wa kiangazi, watu walipanda vilima na chifu wao. Wanaume walichimba jiwe la kijani kwa vyuma vidogo, katika mashimo ambayo pengine yalikwenda chini sana, bila kofia, bila taa, bila mutu wa kuangalia ukuta unaotaka kuanguka. Wamama na watoto waliokota, walichagua, walisafisha ku maji. Tanuru ilijengwa na udongo wa kichuguu, makaa ilichomwa porini, na mifuo ilishonwa na ngozi ya mbala. Mukuba ulimwagwa katika umbo la musalaba. Ile misalaba ilikuwa franga ya wakati ule: ililipa mahari, ililipa deni. Ndiyo ile tunaona tatu ku bendera ya Katanga ya 1960. Wayeke nao walileta ufundi wa kuvuta mukuba mpaka ukakuwa waya mwembamba wa bangili. Wazungu wakawaita wafuaji wetu walaji wa mukuba. Jina zuri, lakini tunajua nani alikula. Mufalme alichukua kodi yake, na pembe zilikuwa zake, na mwenye kukataa alijua boma la Bunkeya linafanana namna gani: vichwa juu ya miti, wageni mingi waliviona na wakaandika.

Na si mukuba na pembe tu. Watu nao waliuzwa. Baruti ya Benguela ililipwa na binadamu waliofungwa shingo kwa shingo. Katika sendika yetu kuna ndugu wanaokasirika tukisema hivyo, juu Msiri kwao ni babu na ni shujaa aliyekataa Wazungu. Kweli alikataa. Lakini wale waliofungwa nao walikuwa babu za watu, na wajukuu wao tunashuka nao mu shimo moja.

Mwaka wa 1886 Frederick Arnot, mumisionere kutoka Scotland, alifika Bunkeya, na Msiri akamuacha akae. Mwaka wa 1890 Alfred Sharpe alikuja na karatasi ya Waingereza, Msiri akaikataa. Mwaka wa 1891 watu wa Leopold II walikuja mumoja kisha mwingine. Wakati huo ufalme ulikuwa tayari unapasuka. Wasanga walikuwa wamesimama kumupiga, mashamba hayalimwi, njaa iko Bunkeya. Tarehe 14 Desemba 1891 musafara wa Stairs ukaingia. Stairs mwenyewe alizaliwa Canada, watu wake walikuwa karibu 400, wengi walitoka pwani ya Zanzibar, na kazi ilitoka kwa Compagnie du Katanga. Alitaka bendera ya Leopold isimame. Msiri hakukubali, bendera ikasimamishwa hata hivyo, naye akatoka usiku kwenda kijiji cha Munema. Tarehe 20, kapiteni Bodson akatumwa kumukamata. Akamupiga risasi. Masuka, mutoto wa Msiri, akamupiga Bodson, naye akakufa. Siku sita tu tangu musafara kufika.

Kisha kichwa kikakatwa na kuwekwa juu ya muti. Bonchamps, Mufaransa wa musafara ule, aliandika hivyo yeye mwenyewe. Wazee wa Bunkeya husimulia kwamba mwili ulizikwa bila kichwa, kwamba Wazungu walikibeba katika debe, na kila mwenye kukibeba alianguka njiani. Stairs kweli alikufa na malaria, tarehe 9 Juni 1892, huko Chinde ku bahari, mbele ya kupanda meli ya kurudia. Karibu nusu ya watu wake hawakuona tena pwani: njaa na magonjwa viliwamaliza. Hapo hadisi ya laana inatusumbua, juu wapagazi hawakuua mutu. Walibeba mizigo tu.

Wazungu nao wako na hadisi kama hiyo. Watu wa Wales wanasimulia mufalme Bran, ambaye kichwa chake kiliendelea kusema kisha kukatwa, kikazikwa London ili kilinde inchi. Tofauti ni kwamba ya kwao ni hadisi, na vichwa vyetu vilibebwa kweli. Kile cha Mkwawa wa Wahehe kiliandikwa hata katika mapatano ya Versailles ya 1919, na fuvu likarudi Kalenga mwaka wa 1954. Cha Lusinga, chifu wa Watabwa aliyeuawa mwaka wa 1884, kilifika Brussels. Jino la Lumumba lilirudi Kongo mwaka wa 2022. Cha Msiri, hakuna mutu aliyekionyesha mpaka leo, na kila tarehe 20 Desemba Bunkeya inamukumbuka.

Mutoto wake Mukanda-Bantu akawekwa ku kiti na akashirikiana na Wazungu kupigana na Wasanga. Mulume Niama, chifu wa Wasanga, alikimbilia na watu wake katika pango la Tshamakele. Askari wakawasha moto ku milango, wakafunga pango miezi mitatu. Walipoingia walikuta maiti 178. Hadisi hii haiko katika filme, na watoto wetu mingi hawajui hata jina la pango.

Jules Cornet alifika na nyundo yake mwaka wa 1892, akafuata mashimo ya wachimbaji wa zamani, akaandika mahali pote penye jiwe la kijani. Union Minière ilizaliwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1911 mukuba wa kwanza ukatoka ku tanuru ya Lubumbashi.